Fundi Kipimo na Deki Zake Tatu

Ndugu zangu, nawaombeni mkae nami kidogo, niwasimulie habari za nyumba moja iliyokuwa na raha yake, na jinsi raha hiyo ilivyoanza kuvuja taratibu bila mwenye nyumba kujua tundu liko wapi. Si nyumba ya ajabu. Ina sebule ndogo, dirisha linalotazama barabara, na meza ya chakula yenye viti vinne vilivyochongwa na baba mwenyewe.

Baba huyo ni seremala. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya mashine ya kupasulia mbao, na karakana nzima ilimwita Kipimo, kwa sababu hapasui ubao kabla hajaupima mara tatu. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto wao ni mmoja tu, binti aliyekuwa akimaliza sekondari, msichana wa maneno machache lakini akiyasema yamekamilika.

Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa saa yao. Kipimo alikuwa akirudi kutoka kazini, anaoga mpaka vumbi la mbao linatoka nyuma ya masikio, anavaa shati safi, kisha anaketi mbele ya muziki wake. Masanduku ya spika aliyatengeneza kwa mkono wake, na amplifaya alirithi kwa kaka yake. Chini yake kulikuwa na deki ya diski ya siku nyingi ambayo mlango wake ulikuwa ukifunguka kwa kusitasita kama mzee anayeinuka kitini. Mama alisahihisha madaftari, binti alilala kwenye mkeka akisoma, na muziki ukacheza kwa sauti ya wastani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumwambia mwenzake kwamba ana furaha.

Basi Jumamosi moja Kipimo akakunja uso. Diski iliyokuwa ikicheza aliifahamu kama anavyofahamu mkono wake. Kuna mahali mwimbaji ananyamaza, na nyuma yake zinasikika kengele ndogo ndogo, nyepesi kama mtu anayetikisa funguo chumba cha pili. Siku hiyo mwimbaji alinyamaza, na baada yake pakawa kimya.

"Kengele zimekwenda wapi?" akauliza.

"Kengele gani?" mkewe akasema bila kuinua kichwa. "Si hizo zinalia."

Kipimo akarudisha wimbo nyuma. Akasogea mpaka goti lake likagusa spika. Hakusikia kitu. Akaifuta diski kwa pindo la shati, akakaza waya, akaisafisha deki kwa pamba na spiriti. Mwisho akatoa hukumu: deki imezeeka, imeanza kula sauti. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo tundu lilipoanza kupanuka.

Akanunua deki ya pili. Siku tatu za mwanzo aliisifia, maana kitu kipya huwa kitamu. Siku ya nne akaanza kunung'unika kwamba nayo imefifia, kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Akapata habari za deki za kisasa, zile zinazosoma diski maalumu zilizorekodiwa kwa usafi wa hali ya juu, zinazobeba sauti nyembamba ambazo diski za kawaida huziacha. Akasema hiyo ndiyo dawa. Fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kuezeka upya jikoni ikabadilishiwa kazi.

Alikwenda dukani na mkewe. Muuzaji alikuwa bwana mwenye ulimi wa asali, koti jepesi, na kidole cha kubonyeza rimoti kama anapiga kinanda.

"Mzee, hii ni nyingine kabisa," akasema. "Hii unasikia mpaka pumzi ya mwimbaji."

Akawasha. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, akaziba sikio.

"Inachoma," akasema. "Ni kama anakwangua sufuria. Ile yetu ya kwanza nyumbani ilikuwa laini zaidi."

"Ile ya kwanza imezibwa mdomo," Kipimo akasema. "Hii ndiyo yenyewe. Hii angalau inasema."

Fikirini hapo, jamaa zangu. Watu wawili wamesimama mbele ya mashine moja. Mmoja anaumia masikio, mwingine anasema sasa ndiyo kumekucha. Mtu mwenye kupima kila ubao mara tatu hakujiuliza hata mara moja kwa nini.

Deki ya tatu ikaletwa nyumbani. Sasa muziki haukuchezwa tena kwa sauti ya wastani. Vikombe vilitetemeka kabatini. Jirani wa ukuta wa kushoto, mshonaji mpole asiyependa ugomvi, alibisha hodi akaomba apunguziwe kidogo, kwani wateja wake walikuwa wakimpa vipimo vya kiuno naye anaandika vya mabega. Kipimo akacheka, akapunguza, na baada ya nusu saa akapandisha tena.

Wala haikuwa muziki peke yake. Mezani alikuwa akisema, "Ehe?" mpaka neno hilo likawa kama kiungo cha mboga. Mkewe akisema chumvi, yeye anampa kijiko. Akiambiwa rudia, analalamika.

"Siku hizi mnaongea kama mna pamba mdomoni," akasema siku moja.

Mkewe akaweka kijiko chini. "Mimi nafundisha watoto sitini darasani, madirisha wazi, na wa nyuma kabisa ananisikia. Leo nimekuwa mtu wa kunong'ona? Baba, twende ukapimwe masikio."

Kipimo akahisi damu inampanda usoni. Kwake neno lile lilikuwa sawa na kuambiwa kwamba amekwisha. Alimkumbuka baba yake mkubwa, aliyekuwa akikalishwa kwenye kona ya chumba katika kila sherehe, watu wakimpigia kelele kama wanamwita aliye ng'ambo ya mto, kisha wakigeuka kucheka. Hakutaka kukalishwa kona ile.

"Masikio yangu ni mazima," akasema. "Yaacheni."

Yakaachwa. Na yalipoachwa, yakamponza.

Binti yao alichaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wenzake siku ya mahafali. Aliandika hotuba yake, akaifuta, akaiandika upya, akaisoma chumbani mbele ya kioo. Mahafali yalipangwa Jumamosi. Baadaye shule ikayarudisha nyuma, yakawa Alhamisi. Binti akaja sebuleni kumpa baba habari. Kipimo alikuwa amechuchumaa nyuma ya deki na waya mkononi.

"Baba, wamebadilisha. Mahafali ni Alhamisi, saa nne. Utaomba ruhusa kazini?"

Yeye alichopata ni "mahafali" na mkia wa jina la siku yenyewe, na kwa kuwa kichwani alikuwa na Jumamosi, akaliziba pengo kwa alichokuwa nacho.

"Nitakuja, mwanangu," akasema. "Hata mvua ya mawe inyeshe."

Alhamisi saa nne Kipimo alikuwa akipasua mbao za mlango wa mteja. Ukumbini, binti alipanda jukwaani, akamwona mama yake, na kando ya mama akaona kiti kitupu chenye mkoba juu yake. Alisoma hotuba yake yote bila kukosea. Watu walipiga makofi. Aliporudi kuketi, karatasi ilikuwa imelowa jasho la vidole mpaka wino umetambaa.

Jioni baba alirudi akawakuta wamevaa nguo za kutokea.

"Mmetoka wapi mmependeza hivyo?"

Binti akamtazama. "Mahafali yalikuwa leo, baba. Nilikuambia."

"Hukuniambia. Mlisema Jumamosi."

"Nilikuambia Alhamisi. Ukasema utakuja hata mvua ya mawe inyeshe."

Mtu aliyekosea na hataki kukosea huwa hana breki. Kipimo akapandisha sauti, akasema, "Usinifanye mimi mtoto mdogo. Wewe ni mwongo."

Neno likatoka, na neno likitoka halishikiki mkia. Binti alikwenda chumbani akafunga mlango pole pole. Tangu siku hiyo alimwamkia baba yake asubuhi kama kawaida, "Shikamoo, baba," akamtengea chakula, akampokea mzigo, lakini zaidi ya hapo hakumwambia kitu. Jumamosi zilipofika alichukua kitabu chake akaenda kusomea jikoni. Mwalimu naye akahamishia madaftari yake mezani chumbani. Kipimo akabaki sebuleni na deki ya thamani, akisikiliza muziki ambao kila wiki ulizidi kwenda mbali.

Akaona mashine ina kasoro, akaipeleka kwa fundi. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mtaa mzima ukimwita Mama Lehemu, kwa kuwa lehemu ya kuungia nyaya haikumtoka mkononi. Alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Akaifungua deki, akaichunguza, akaifunga. Kisha akatoa diski yake ya kupimia, ambayo haina muziki bali mluzi mmoja unaoanza chini na kupanda juu taratibu.

"Inua mkono," akamwambia. "Ukiacha kuusikia, ushushe."

Kwenye benchi palikuwa na bibi mmoja aliyefuata redio yake. Mluzi ukaanza kupanda. Haujafika mbali, Kipimo akashusha mkono.

"Hapo ndipo ugonjwa wake," akasema kwa ushindi. "Umeona? Imekatika."

Mama Lehemu alimgeukia yule bibi. "Bibi, wewe unasikia?"

"Nasikia, mwanangu, tena inanitoboa. Hebu izime."

Mama Lehemu akavua miwani, akasema kwa upole, "Kaka yangu, deki yako ni nzima. Ningeweza kukwambia ni mbovu, nikaiweka hapa wiki mbili nikakurudishia vile vile. Lakini si deki inayohitaji fundi."

Kipimo akabeba mashine yake akaondoka bila kuaga. Njiani alijisemea kwamba mwanamke yule hajui kazi, na bibi yule anasema ovyo. Hata hivyo ile picha ya bibi mwenye umri wa kumzaa, akitobolewa na sauti ambayo kwa Kipimo haikuwepo, ilimfuata mpaka mlangoni.

Haikupita wiki. Karakanani ilikuwa saa ya chai, mashine zote zimezimwa. Kipimo alibaki peke yake akiweka alama kwenye ubao, amelipa mgongo rundo la mbao ndefu zilizosimamishwa ukutani. Mwenzake wa miaka mingi, fundi aliyeitwa Mrefu, alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Aliona rundo linaanza kuteleza.

"Kipimo, toka hapo."

Kipimo akaendelea kuchora mstari wake.

Mrefu akapaza sauti. Akapaza tena mpaka watu wa barabarani wakageuka. Kipimo akapuliza vumbi juu ya ubao. Basi Mrefu akatupa kikombe, akakimbia, akamsukuma mabegani kwa mikono yote miwili. Kipimo alianguka kwenye lundo la takataka za mbao na kwanza akakasirika, akitaka kuuliza huu ni mchezo gani. Alipogeuka aliona mbao zimelala pale alipokuwa amesimama, na chini yake mkono wa Mrefu.

Mkono ulivunjika mahali pawili. Siku ya pili Kipimo alikwenda hospitali kumwona. Mrefu alikuwa ameegemea mto, mkono umefungwa plasta, anakula chungwa kwa mkono wa kushoto kwa taabu. Kipimo akalichukua lile chungwa akaanza kummenyea.

"Nilikuita mara tatu," Mrefu akasema, akimgeuzia uso ili Kipimo aione midomo yake. "Watu wa ng'ambo walinisikia."

"Mimi sikusikia hata moja."

"Najua. Karakana nzima tunajua, mwaka wa pili huu. Tulikuwa tunakuonea haya kukwambia, na wewe ulikuwa unatuonea haya kukiri. Sasa haya yetu imeniangukia mimi mkononi."

Alisema kwa utani, lakini Kipimo hakucheka. Aliweka maganda kwenye sahani. Kisha akainuka, akamuuliza muuguzi wa mlangoni wanakopimia masikio ni wapi, akamwomba arudie mara mbili, na kwa mara ya kwanza akaeleza sababu: "Sisikii vizuri."

Mtaalamu wa masikio, bwana mmoja mnene wa maneno ya taratibu, alimketisha ndani ya kichumba kilichobandikwa sponji kuta zote. Akamvisha vifaa vya kusikilizia, akampa kitufe cha kubonyeza kila akisikia sauti. Baadaye akamwonyesha karatasi. Mstari ulianza sawa, kisha ukashuka kama ngazi za kwenda shimoni.

"Sauti nene unazo," akasema. "Nyembamba zimekwenda. Kengele, ndege, na katika maneno, zile herufi za kupuliza kama sa na fa. Ndiyo maana unaona watu wanakula maneno. Kazi yako ni gani?"

"Napasua mbao kwa mashine."

"Unaziba masikio?"

"Hakuna anayeziba. Tunaona ni mambo ya wageni kazini."

Mtaalamu akatikisa kichwa. "Kilichopotea hakirudi, nisikudanganye. Ila kilichobaki tunaweza kukilinda, na kuna kifaa cha kuvaa sikioni kitakachokusaidia kuwasikia watu wako."

Kipimo aliitazama ile karatasi. Maisha yake yote alikuwa akiheshimu vipimo, na hapa palikuwa na kipimo chake mwenyewe, kimechorwa kwa wino. Hakubishana.

Alirudi nyumbani mchana. Mkewe na binti walikuwa jikoni wakichambua mchele. Akavuta kigoda, akaketi mbele yao, akaiweka karatasi juu ya ungo.

"Mama, uliniambia nikapimwe, nikakataa," akasema. "Nimepimwa leo. Ulisema kweli."

Kisha akamgeukia binti. "Mwanangu, uliniambia Alhamisi. Mimi sikusikia, na badala ya kusema sikusikia nikakuita mwongo. Hukuwa mwongo. Nilikuwa nimekosa masikio, nikakosa na adabu. Nisamehe."

Binti aligeuza punje za mchele kwa kidole. "Baba, mimi nilidhani unanisikia ila hutaki," akasema. "Nilidhani hiyo mashine ndiyo unayotaka kusikiliza."

Lilimwingia neno hilo kuliko lile la mtaalamu. Alikuwa amejidhania ndiye anayeumia peke yake.

Mwalimu akafuta mikono. "Hotuba ipo?" akamuuliza binti. "Kaa pale, mbele yake, mwanga ukupate usoni. Isome pole pole."

Binti akaenda kuileta karatasi yenye wino uliotambaa. Akaketi mbele ya baba yake, magoti yao karibu kugusana, akasoma. Kila Kipimo alipopotewa aliinua mkono, naye akarudia. Ilichukua mara mbili ya muda wa siku ile. Kuna mahali aliwashukuru wazazi wanaochelewa kulala ili watoto wawahi kuamka, na hapo baba aliinua mkono tena.

"Hujasikia?" binti akauliza.

"Nimesikia," Kipimo akasema. "Nataka urudie tu."

Majuma machache baadaye akapata kifaa chake cha sikioni. Siku za kwanza kilimchosha. Kumbe karatasi zina kelele, kumbe kandambili za mkewe zinalia hivyo. Deki ya tatu bado ilimchoma mkewe masikio, basi wenye duka walikubali waibadilishe, na safari hii walikwenda wote watatu. Bwana wa ulimi wa asali akaanza tena habari za pumzi ya mwimbaji. Mwalimu akamsimamisha kama anavyosimamisha darasa.

"Funika mashine zote kwa kitambaa," akamwambia. "Utupigie wimbo mmoja, sauti sawa, usituambie ipi ni ipi."

Muuzaji alitoa jasho kidogo lakini akafanya. Mama na binti walisikiliza wakiwa wamefumba macho. Kipimo alisimama pembeni akiwatazama nyuso, akiona pale wanapokunja paji na pale mabega yanaposhuka. Wote wawili wakachagua moja, na kitambaa kilipoondolewa ilikuwa deki ya kawaida tu, isiyo na taa nyingi, inayosoma zile diski safi bila makeke. Kipimo akatoa futi mfukoni, akaipima kama itaingia kwenye rafu. Fedha iliyobaki wakarudishiwa, na jikoni pakapata mabati yake.

Karakanani alipofika alikuwa na mfuko wa vikinga masikio, kimoja kwa kila fundi. Wakacheka, wakamwita rubani. Mrefu, aliyekuwa amerudi na mkono mwembamba kuliko mwenzake, alivaa cha kwanza. Siku hizi, mashine ikiwaka, hakuna kichwa kitupu mle ndani, na anayetaka kumwita mwenzake huja mbele yake akamgusa bega.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Ndugu zangu, Kipimo hakuharibiwa na muziki, wala deki nzuri si dhambi. Ukitaka kununua, nunua, lakini kwanza jua kasoro iko kwenye mashine au kwako, na wasikilize wanaoishi nawe, kwani wao husikia usichokisikia. Haya ya kukiri udhaifu wa mwili imewavunjia watu ndoa, urafiki, na hata mikono isiyo na hatia. Macho yakififia, masikio yakichoka, sema mapema, upimwe, usaidiwe.

Nanyi mnaofanya kazi penye mashine, zibeni masikio leo, wakati bado mna cha kulinda. Na ninyi mlio na mzee anayesema "ehe?" kila mara, msimkalishe kona wala msimcheke. Kaeni mbele yake, mwanga uwapate usoni, mrudie neno kwa subira. Huenda hakuwapuuza hata siku moja.